Kifua cha Chiriku

Jumanne, tarehe 4
Mke wangu amekufa jana saa nne asubuhi. Tumbo. Mimi nilikuwa kazini, ghorofa ya tatu, tunamwaga zege. Jirani alinipigia mara sita, simu ilikuwa kwenye koti chini. Nafika hospitali ya serikali, wameshamfunika.

Daktari kijana akaniuliza alianza lini kuumwa. Nikasema juzi. Binti yetu akasema, "Hapana baba. Wiki iliyopita. Mama alisema nisikwambie, utakosa siku za zege."

Tumezika leo.

Jumatano, tarehe 5
Hili daftari nililoanza jana ni la hesabu la mtoto, lina kurasa nyingi tupu. Mimi shule niliishia darasa la nne na mwandiko wangu kama kuku kapita. Lakini nitaandika. Asije mtu mwingine akaniuliza alianza lini nikakosa jibu.

Mtoto ana miaka saba. Wote tunamwita Chiriku, maana tangu ajue kuongea hajanyamaza. Leo kanyamaza.

Jumapili, tarehe 9
Wageni wote wameondoka. Kabaki dada yangu mkubwa, fundi cherehani, anakaa ng'ambo ya daraja. Kasema nimpe mtoto amlee yeye. Kasema, "Mtoto wa kike utamsuka kwa mwiko wa saruji?" Kacheka, na mimi nikacheka. Lakini nimekataa.

Jumatatu, tarehe 10
Kazini. Mvua zimeanza.

Jumatano, tarehe 12
Mvua. Chiriku anakohoa alfajiri. Kikohozi kikavu. Mama yake alikuwa anasema ni baridi ya msimu, kinapita. Sasa sijui kama kilikuwa kinapita au alikuwa ananificha na hicho.

Ukuta wa upande wa kitanda umelowa. Plasta inabanduka, ukigusa inakufuata mkononi. Mwenye nyumba nimemwambia. Kasema mvua zikiisha.

Jumamosi, tarehe 15
Nimemwomba msimamizi mifuko mitupu ya saruji. Huyu tunamwita Pimamaji, maana anatembea wima kama kameza fimbo na hacheki hata umtekenye. Kanitazama, kasema chukua.

Nimechukua arobaini. Nimeikung'utia mlangoni, nikaigeuza, nikaibandika ukuta mzima kwa uji wa unga, tabaka mbili. Na juu nimeweka, chini ya bati. Baridi imekatika kabisa. Chumba kimekuwa kama ndani ya boksi jipya. Chiriku kafurahi, kwa mara ya kwanza kaongea sana. Kasoma maandishi ya mifuko yote kwa sauti, kilo hamsini, kilo hamsini, kilo hamsini, mpaka nikamwambia basi mama, nimeshajua uzito.

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nimeona nimefanya kitu.

Jumanne, tarehe 18
Mvua. Hamna kazi. Tumefunga mlango, tumekaa ndani siku nzima. Kakohoa sana.

Jumatano, tarehe 19
Kazini. Kakohoa alfajiri.

Alhamisi, tarehe 20
Kakohoa. Kuna mluzi kifuani. Nilidhani ni paka wa jirani.

Jumamosi, tarehe 22
Duka la dawa la kona. Muuzaji hakumgusa mtoto, kamtazama tu juu ya kaunta. Kanipa dawa ya maji ya chupa na vidonge vya rangi mbili. Wote tunamwita daktari na yeye anaitika.

Jumatatu, tarehe 24
Chupa nusu imeisha. Bado. Mvua.

Nimemuuliza Pimamaji habari za bima. Kasema bima ni ya wenye mkataba. Kibarua ni mtu wa siku, jioni ikifika si mtu wa kampuni tena. Nikamuuliza na mtoto wa mtu wa siku? Kasema bwana, mchanga unakungoja. Mtu ana moyo wa nondo.

Jumatano, tarehe 26
Nimeomba nusu siku, nimeenda ofisi ya bima. Kuna ya watu wa hali ya chini, kweli ipo. Unalipa mwaka mzima kwa mkupuo, unaleta picha, unaleta cheti cha kifo cha mama ili wajue kaya ina watu wangapi. Halafu unangoja siku thelathini ndiyo kadi ifanye kazi. Nikauliza, na kifua nacho kingoje siku thelathini? Karani hakuwa mtu mbaya. Kaangalia meza. Kasema ndiyo utaratibu, mzee. Mimi nina miaka thelathini na nane, nadhani ni saruji kwenye nywele.

Cheti cha kifo kinatoka hospitali ya serikali. Sikwenda kukichukua. Lile geti nikiliona miguu inageuka yenyewe. Nimeapa mtoto wangu halipiti.

Alhamisi, tarehe 27
Zahanati ya binafsi, ile yenye vigae vyeupe. Kabla sijakaa dada wa mapokezi kauliza, "Bima au taslimu?" Nikasema taslimu. Daktari kamsikiliza kifua kwa muda wa kumeza mate mara mbili, kasema mapafu yana vijidudu, sindano tano. Leo kachomwa ya kwanza. Hakulia. Ningependa alie.

Jumamosi, tarehe 29
Tuna zege kesho, nimempeleka kwa shangazi yake alale huko siku mbili. Dada kampokea mgongoni kama mtoto mchanga. Kasema mbona amekuwa mwepesi hivi.

Jumapili, tarehe 30
Zege tangu alfajiri mpaka jioni. Mikono imekufa ganzi. Nimepitia kumwona. Hajakohoa hata mara moja, kaongea siku nzima, shangazi yake kaziba masikio kwa vitambaa vya suruali za watu. Dada kanitoa nje. Kasema, "Unaona mwenyewe, mdogo wangu. Mtoto hapa anapumua." Kasema kwa upole, ndiyo maana iliuma.

Nimerudi peke yangu. Labda kinachomuumiza ni mimi.

Jumatatu, tarehe 31
Nimemchukua. Dada kanuna.

Jumanne, tarehe 1
Mvua. Hamna kazi. Tumekaa ndani. Mluzi.

Jumatano, tarehe 2
Sindano zote zimeisha tangu juzi. Kifua vilevile. Alikuwa akiongea hapumziki, sasa anasema maneno matatu anavuta pumzi, matatu anavuta. Nimeanza kuyahesabu maneno ya mwanangu.

Alhamisi, tarehe 3
Maneno mawili.

Jumapili, tarehe 6
Sasa naandika ya Ijumaa. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi ilikuwa mvua kubwa, hamna kazi. Nilikuwa nakung'uta koti langu la kazi pale pale ndani kwa sababu nje kunanyesha. Chiriku kakaa kwenye kigoda, mikono kwenye magoti, mabega juu. Shingo inaingia na kutoka. Nikamuuliza vipi. Kasema, "Baba. Sijambo. Nenda. Kazini."

Kila neno na pumzi yake. Nikaona kashika gauni la mama yake, kalikunja mapajani. Nikalichukua. Lilikuwa limelowa mate. Alikuwa analitia mdomoni akikohoa, nisisikie. Sijui tangu lini. Nimeandika kila siku na hilo sikuliona.

Nikaweka daftari kwenye mfuko wa nailoni, nikalisunda kifuani, nikambeba mgongoni. Nilikimbilia vigae vyeupe. Dada wa mapokezi yule yule: "Bima au taslimu?" Nikasema nitaleta jioni. Kasema kulazwa lazima kwanza niweke amana. Nikamwambia mtazame mdomo. Mdomo ulikuwa umekuwa kijivu. Kamtazama, macho yakamlegea, lakini akasema hana ruhusa, sheria si yake.

Mlinzi wa pale, mzee wa watu, kanifuata nje na mwavuli. Kasema, "Ndugu yangu, mpeleke serikali. Dharura wanatibu kwanza, malipo baadaye. Unangoja nini?"

Nilikuwa nalijua hilo. Watu wote wanalijua. Nilikuwa naikimbia hospitali kwa ajili ya miguu yangu mimi, na mtoto ndiye aliyekuwa anailipia kwa pumzi zake. Kutoka pale ni mwendo wa dakika kumi na tano. Sikumbuki geti. Nakumbuka mtoto kanishika masikio kama usukani.

Hawakuuliza kitu. Walimvisha barakoa yenye mvuke, wakamkalisha wima. Muuguzi mmoja mtu mzima, miwani kaifunga kwa uzi, kaweka kiganja mgongoni kwa mtoto na kuanza kuvuta pumzi naye, taratibu, kama wanaimba. Baadaye bila kunigeukia akasema, "Baba, kaanza lini?"

Nikatoa daftari.

Kalisoma kasimama. Mwandiko wangu ule kausoma wote. Anafungua karatasi, anarudi nyuma, anafungua tena.

"Tarehe 15 umebandika mifuko. Mifuko gani?"

"Ya saruji. Mitupu."

"Chumba anacholala?"

"Upande wa kitanda. Na juu. Kwa ajili ya baridi."

"Tarehe 29 na 30 alikuwa wapi?"

"Kwa shangazi yake."

"Huko kuna mifuko?"

Nikasema hakuna. Nilipolisema ndipo nikalisikia.

Kavua miwani. Nilingoja anitukane, nilikuwa nataka anitukane. Kasema, "Huyu ana pumu, na inaonekana anayo siku nyingi. Vumbi na unyevu vinaiamsha. Usingeandika, ningempa dawa na kumrudisha kwenye mifuko ile ile."

Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua.

Mtoto katulia jioni. Amelazwa Ijumaa na Jumamosi, leo katoka. Yupo kwa shangazi yake. Kasema maneno kumi na moja kwa pumzi moja, nimehesabu, yote kuhusu mtoto wa kitanda cha pili aliyemeza kifungo.

Jumatatu, tarehe 7
Nimebandua mifuko. Vumbi lilinuka kama kazini. Nyuma ya karatasi ukuta wote umeota kuvu jeusi, laini kama manyoya. Mwanangu alikuwa analala shubiri moja kutoka hapo. Aliyembandikia ni mimi, kwa uji, tabaka mbili, nikajisifu.

Nimesugua ukuta kwa brashi na dawa ya madoa mpaka macho yakafunga.

Jumanne, tarehe 8
Nimebomoa plasta yote mbovu. Jirani kasema napendezesha nyumba ya mtu bure. Nimemwambia kweli.

Nafasi yangu kazini kapewa mtu mwingine. Sawa.

Alhamisi, tarehe 10
Kila Alhamisi hospitali ya serikali kuna kliniki ya kifua. Sikujua. Nimekaa kwenye benchi na baba mmoja dereva wa lori, mtoto wake ana pumu mwaka wa tatu. Kanifundisha njia zote kama anamfundisha mgeni mji. Kwanza chukua jalada, halafu kabla hujaenda dirisha la dawa pita ofisi ya ustawi, mlango wa mwisho, usiogope yule mama, ni mkali wa sura tu.

Yule mama wa ustawi kauliza kazi, mke, mtoto, nyumba. Nikajibu. Kauliza kama mke anafanya kazi. Nikasema amekufa hapa hapa kwenu mwezi uliopita. Kagonga muhuri. Kwa hiyo karatasi kumwona daktari ni bure, na pampu mbili za dawa ya kuvuta, ya kahawia ya kila siku na ya buluu ya kubanwa, zinanigharimu vibarua vya siku mbili, na zinakaa zaidi ya mwezi. Vigae vyeupe na duka la kona vilinila vibarua vya siku kumi na tisa.

Na cheti cha kifo nimekichukua. Dirisha la nne. Ni karatasi tu.

Ijumaa, tarehe 11
Yule muuguzi alinionyesha. Mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu mdomoni moja kwa moja, dawa inaishia kwenye ulimi. Kipo chombo cha dukani, ghali. Au chukua chupa ya maji, toboa kitako, chomeka pampu huko, mtoto anavuta kwa mdomo wa chupa.

Hiyo ni kazi yangu. Chupa ya kwanza tundu lilikuwa pana. Ya pili nimepima kwa uzi, nimechoma kwa waya wa moto kufuata mstari, pampu imeingia kwa kusukuma, hakuna hewa inayopita. Kingo nimezisugua zisimkate. Nimeosha mara tatu. Chiriku kasema ni tarumbeta. Shangazi yake kaigeuza geuza kwenye mwanga kama anakagua mshono, mwisho kasema, "Hii ni kazi ya fundi." Mimi sijawahi kuitwa fundi. Mimi nabeba.

Jumapili, tarehe 13
Kwa dada. Mtoto kalala mchana, tukazungumza. Nikamwambia kama anataka kumchukua, amchukue. Kwake hakuna kuvu, na mimi nilimfungia sumu ndani. Nilikuwa nimejiandaa kulisema tangu Jumatatu.

Dada kaendelea kushona. Nikadhani hajasikia. Kafika mwisho wa mshono, kakata uzi kwa meno, kasema nilete lile daftari. Kasoma taratibu, kila siku. Kasema, "Mimi nilimlea wangu wanne. Hata mmoja sikumhesabia pumzi." Kasema nyumba ikikauka nije nimchukue mtoto wangu, ila nywele atakuwa anamsuka yeye, maana leo kaona nilivyomsuka na ni aibu ya ukoo.

Jumanne, tarehe 15
Nimepiga plasta jana, nyembamba. Leo nimechimba mtaro wa jirani, nikapata hela ya chokaa. Mvua zimepungua. Nimeacha mlango wazi upepo upite.

Alhamisi, tarehe 17
Kliniki. Daktari kamwambia apulize kwenye bomba la kupimia, mshale umepanda. Ni yule yule kijana aliyeniuliza siku ile alipokufa mke wangu. Hakunikumbuka. Mimi nilikuwa na maneno yangu kwa ajili yake, ya muda mrefu. Nikaona macho yake mekundu, kakunja mikono ya shati yenye madoa ya dawa, benchi limejaa mpaka nje. Nikasema asante daktari.

Ijumaa, tarehe 18
Pimamaji kaja nyumbani. Sikumtegemea. Kumbe habari za mtoto na mifuko zilishafika kazini. Kasimama mlangoni, kautazama ukuta, kautembezea kiganja. Kasema kona ya kushoto imepinda. Nikasema ndiyo. Kasema yule aliyechukua nafasi yangu ameteguka mgongo, Jumatatu kuna zege, nataka?

Nikamwambia nina masharti. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo. Kila mwezi Alhamisi moja sipo. Na jioni naoga pale kwenye pipa, navaa nguo safi ndipo naondoka, sikimbizwi. Kasema wenzangu wataniita bwana harusi. Nikasema waite.

Akatazama viatu vyake. Kasema Alhamisi hiyo hanilipi. Nikasema sawa. Halafu, tayari kanipa mgongo, kasema, "Mifuko ile nilikupa mimi." Akaenda. Anatembea wima vilevile, ila polepole.

Jumapili, tarehe 20
Chokaa imekauka. Nimemleta nyumbani. Kaingia, kauzunguka ukuta mweupe, kauliza maandishi ya kilo hamsini yako wapi, alikuwa ameyazoea. Nimemwambia ya kusoma yako shuleni.

Pampu ya kahawia asubuhi na jioni, yeye mwenyewe anahesabu pumzi kwa vidole. Ya buluu iko kwenye mkoba wa shule pamoja na chupa ya pili. Mwalimu wake nimemwonyesha Ijumaa, kajaribu mwenyewe kwa chupa tupu, darasa zima likacheka.

Mchana tumekaa mlangoni. Nilikuwa na jambo la kumwambia na sijui kuyapanga maneno, kwa hiyo nililisema hivyo hivyo. Nikamwambia, "Mama yako alinificha kwa sababu ananipenda. Akafa. Wewe usinipende namna hiyo."

Kalia kidogo. Nikamwacha alie. Mimi pia.

Kisha nikamuuliza, nikiwa kazini, juu huko, ukabanwa, utafanya nini? Kafuta pua kwa mkono. Kasema, "Navuta ya buluu. Namwambia mwalimu. Mwalimu anakupigia simu. Na wewe simu usiiache kwenye koti."

Nimeshona mfuko kwa ndani ya suruali ya kazi, upande wa paja, na kifungo. Dada kapita jioni, kauona mshono, kacheka mpaka kakaa chini.

Kesho narudi kazini.